Waya wa Breki kwenye Zeze

Niseme ukweli: nilikubali kupiga zeze kwenye mahafali ya kidato cha nne ili nisiimbe. Ukiwa na chombo mkononi watu wanaangalia vidole, hawaangalii uso. Kiongozi wa kikundi chetu cha nyimbo alishasema, "Zeze likiwepo, utapiga. Lisipokuwepo, mstari wa mbele, unaimba kama wenzako." Mimi hata kusoma aya moja darasani natetemeka.

Zeze lenyewe ni la baba wa mwenzangu wa dawati. Wao ni wafugaji, wamehamia Mkotokuyana, huku Nachingwea, na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Kwetu ni Likunja, watu wa korosho na ufuta. Huyo mwenzangu ananitania kila siku: "Nyie ng'ombe mnamjua akiwa kwenye sahani." Namjibu kwamba wao walidhani korosho inaota ndani ya pakiti.

Uzi wa zeze ulikuwa umekatika. Tukafumua waya wa breki ya pikipiki iliyochakaa, tukachomoa uzi mmoja, tukafunga. Nikakaza hadi ulingane na sauti ambayo kikundi huimbia. Pah! Tukachomoa mwingine. Pah! Wa tatu ulinichapa kidole.

"Nyembamba hizi," mwenzangu akasema. "Tutafute nene."

Yeye ana simu. Akapakua programu ya kuchagulia nyuzi: unajaza urefu wa uzi, unene wake, ni chuma au nailoni, na sauti unayoitaka. Unene tuliupima kienyeji. Tulizungusha waya kwenye penseli mara ishirini, mizunguko ikigusana, tukapima kwa rula, tukagawanya. Nukta tatu ya milimita. Programu ikaleta rangi nyekundu: utakatika.

Nukta nne? Nyekundu. Nukta sita? Nyekundu. Nikaandika milimita mbili, waya wa kuanikia nguo kabisa. Nyekundu vilevile!

"Programu mbovu hii."

"Au haijawahi kufika Nachingwea," nikasema. Tukacheka, lakini ilikuwa Alhamisi na mahafali ni Jumamosi.

Nikaacha unene, nikachezea urefu. Nilipoupunguza, kijani! Tukakimbilia kwa baba yake, nikamwamkia, nikamwomba tusogeze kidaraja kinachobeba uzi.

"Weee, mwanangu," akasema. "Hivi vituo vya vidole nimevichonga kwa kipimo. Ukisogeza kidaraja, vyote vitasema uongo."

Ikabaki sauti. Nikaishusha kwenye programu hatua moja, mbili, nne. Kijani, kwa ule ule uzi wa kwanza wa nukta tatu! Ndipo nikaelewa: uzi mnene unadai kukazwa zaidi ili ufike sauti ile ile, kwa hiyo unakatika palepale. Shida haikuwa waya. Kikundi kilikuwa kinaimba juu mno.

"Kamwambie kiongozi," nikamwambia mwenzangu.

"Mimi simo kwenye kikundi, shoga. Kamwambie mwenyewe."

Ijumaa, kwenye mazoezi, nilisimama. "Naomba tushushe..."

"Tushushe nini? Ongea, hatukusikii!"

"Wimbo! Tushushe wimbo!" Nilisikia sauti yangu ikigonga bati. Watu wote wakageuka. Nikaeleza kuhusu waya, urefu, na rangi nyekundu, maneno yakikanyagana.

Kiongozi akashika kiuno. Wimbo aliupanga juu kwa sababu huko ndiko sauti yake inakong'aa, kila mtu anajua. "Yaani sisi wote tufuate waya wa pikipiki?"

"Tuufuate, bwana!" mvulana mmoja wa mstari wa nyuma akadakia. "Sisi tunabanwa koo tangu juzi!"

Wenzake wakapiga makofi. Kiongozi akasonya, kisha akaanzisha chini. Nikapiga. Waya ukatulia. Kwenye ubeti wa tatu wimbo ulishuka chini mno kwa sauti ya kiongozi, akameza maneno mawili na kunitazama. Mimi nikavitazama vituo, nikaendelea kupiga.