Shanga Arobaini na Moja za Bluu

Saa kumi na mbili asubuhi, Sawae Kitabayashi yuko mbele ya mwali wa gesi. Mkono wa kushoto unazungusha waya, wa kulia unalisha kijiti cha kioo cheupe. Kioo kinalegea kama asali. Akiacha kuzungusha sekunde mbili tu, kitadondoka mezani. Nje, theluji ya Otaru, kaskazini mwa Japani, imefika usawa wa dirisha.

Ushanga ukikamilika, anaufukia kwenye chungu cha jivu la makapi ya mpunga upoe polepole. Anasimama. Anakaa. Anasimama tena kuchungulia simu.

"Tangu Januari hatulii," anasema mumewe, Isamu, akimimina supu ya miso. "Hata chai anainywa akitembea. Nimeoa upepo."

"Kula, supu inapoa," anajibu Sawae.

Sawae, 57, ameifanya kazi hii miaka thelathini na mmoja. Wateja wake ni manesi, wauza samaki, walimu wa chekechea: watu wanaotaka kidani cha kuvaa Jumatatu kazini. Kwa hiyo kila mtindo mpya huuvaa mwenyewe siku mia moja kabla ya kuuuza. Huosha mchele nao, huoga nao, hulala nao.

"Kioo cha kila siku kichague kwa kidole," anasema. "Pitisha kucha kwenye tundu. Pakikwaruza, uzi utakatika, rudisha. Usidanganywe na chembamba kinachong'aa. Na hereni isivuke taya, skafu itaing'oa."

Mwaka jana karakana moja ya jirani ilifungwa, naye akanunua vijiti vyake vya bluu. Rangi ile ilimlevya. Akaiyeyushia juu ya kioo chake cheupe, akauvaa ushanga siku zake mia, Mei hadi Agosti. Haukupata hata mkwaruzo. Akauza arobaini na moja, kila mmoja yen elfu sita na mia nane.

Januari, mwalimu mmoja alitoka kwenye baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, akaingia chumba chenye jiko. Ushanga ukapasuka shingoni, ukamchana. Kioo cheupe na cha bluu havikutanuka sawa kwa joto.

"Niliujaribu kiangazi," anasema Sawae. "Kiangazi! Mimi, mzaliwa wa hapa!"

Tangu siku hiyo anabisha hodi nyumba kwa nyumba, na boksi la keki za maharage mkononi, kama afanyavyo kwao mtu anayeomba radhi. Thelathini na tano zimekusanywa, pamoja na ule uliopasuka.

Leo ni zamu ya Tokie Manabe, 66, muuza ngisi sokoni.

"Keki nimepokea. Ushanga sikupi," anasema Tokie, kisu mkononi.

"Dada Tokie, utapasuka."

"Miezi mitano nauvaa kwenye maji ya chumvi! Wewe uliuvaa ukiota jua."

Meza ya pili wanaangua kicheko. Sawae hacheki.

"Kweli. Aibu ni yangu. Lakini shingo ni yako."

Tokie anashusha kisu. "Hiki ndicho kitu pekee nilichojinunulia mwaka mzima. Si cha mume, si cha wajukuu. Changu."

"Nitakutengenezea mwingine. Ila hutaupata mpaka Machi mwakani. Lazima kwanza niuvae majira yote manne."

"Mwakani? Unajua nina miaka mingapi, wewe?"

"Ndiyo maana nataka ufike na shingo nzima."

Tokie anacheka bila kupenda. Anafungua kifungo cha kidani kwa vidole vyenye wino wa ngisi, anauweka ushanga juu ya barafu. "Chukua upesi, kabla sijageuza nia."

Zimebaki tano. Nne zinakuja kwa posta. Wa mwisho uko Kushiro, mji wa pwani ya mashariki, kwa mama mmoja asiyepokea simu.

Sawae amekata tiketi ya treni ya Alhamisi. Anataka ifikapo mwisho wa mwezi ushanga wa bluu usiwe shingoni mwa mtu yeyote, ndipo aanze upya, mtindo mmoja kwa mwaka. Nyumbani, redioni wanatangaza kuwa Kushiro leo itashuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri.

"Alhamisi mbali," anasema, na tayari anatafuta koti.