Maneno Yaliyomshinda Kui

Wangui alikuwa bado anajifunza kukaa alipofariki. Ilikuwa Julai, wakati baridi ya Molo inapoingia hadi kwenye mifupa, na mtoto alikuwa na mafua. Baba yake, Gachanja, alikuwa amepeleka viazi Nakuru. Mama yake, Kui, aliingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, wakalala. Asubuhi majirani walivunja mlango. Kui alizinduka hospitalini. Mtoto hakuzinduka.

Gachanja hakumlaumu hata mara moja, na ukimya huo ulimuumiza Kui kuliko matusi. Baada ya mazishi, Gachanja alipata kazi kwenye mashamba ya ngano Mau Narok. Akawa anarudi mara chache, halafu akaacha kurudi. Majirani nao waliacha kumwita Mama Wangui. Hawakujua wamwite nani.

Kui akajiadhibu mwenyewe. Alitembea kwenye ukungu bila sweta. Chakula alikila kikiwa baridi, amesimama, kama mtu asiyestahili kiti.

Binamu yake, Cate, alikuwa mpishi katika nyumba moja Kabazi ambako Wabudha walikodi nafasi ya kutafakari kimya.

"Njoo upumzike huku, Kui."

"Mimi ni Mkristo, Cate."

"Hakuna atakayekubatiza. Ni kukaa tu na kunyamaza."

Kui akaenda. Kunyamaza hakukumsumbua, alikuwa amezoea. Aliketi mkekani na wenzake, akifuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Shida ilianza pale mwalimu, Valarie Makhanu, alipowaambia wamtakie mema mtu aliyewaumiza. Kui alimtakia Gachanja amani, tena kwa moyo wote. Kisha Valarie akasema, "Sasa jitakie mwenyewe. Niwe salama. Niwe na amani."

Kui alifumbua macho. Akainuka, akatoka nje, akasimama kando ya mahindi. Valarie akamfuata.

"Siwezi, mwalimu. Nilimuua mtoto wangu." Akamweleza yote.

Valarie hakukimbilia kumpinga. Aliuliza tu, "Ulipoingiza jiko, ulikuwa unataka nini?"

"Asipate baridi."

"Ulijua hewa ya makaa inaweza kuua?"

"Sikujua. Lakini mama anafaa kujua!"

"Kama ni Cate ndiye aliyeingiza jiko, akaja kwako analia, ungemfanyia nini?"

Kui alitazama mikono yake, ile iliyopuliza makaa. Polepole akaushika mkono mmoja kwa mwingine, jinsi anavyoshikwa mfiwa. Hapo akalia kilio ambacho hakukilia hata kaburini. Yale maneno ya kujitakia mema hakuyasema siku ile, wala Valarie hakumlazimisha.

Aliporudi Molo alimpigia Gachanja simu.

"Nilitaka tu asipate baridi, Baba Wangui."

"Najua. Nimejua siku zote."

"Kwa nini basi ulienda?"

"Nikikuona, namuona yeye. Sitarudi, Kui. Nisamehe."

Simu ikakatika. Kui aliketi kwenye kizingiti, akalia hadi macho yakavimba. Sauti moyoni mwake ilianza kumwambia kwamba hayo ndiyo malipo yake.

"Hapana," akaijibu kwa sauti. "Hii ni huzuni tu. Si adhabu."

Ng'ombe alikuwa akilia zizini. Kui alijifuta uso, akabaki ameketi kidogo zaidi, kisha akaenda kukama.