Siagi ya Mjomba na Mashine ya Ubongo

Ukumbi wangu hapa Mbulu mjini umeshapokea harusi, kipaimara, mikutano ya kampeni na mechi za mpira kwenye runinga. Mkutano wa ubongo sikuutegemea. Mimi mwenyewe shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, maana iliendelea na wenzangu.

Daktari alikuja asubuhi moja, kajitanda shuka kwa baridi. Ni mama wa makamo, anatibu watu wa kifafa. Akasema kuna mkutano wa dunia nzima wa wale wanaopima umeme wa ubongo, ila hawakutani sehemu moja. Kila nchi watu wanakaa kwenye ukumbi wao, wanaonana kwenye skrini, wanafundishana namna ya kupima vizuri. Ameomba Mbulu nayo iwe na ukumbi wake, wamekubali.

"Kwani ubongo una umeme?" nikamuuliza.

"Unao."

"Na wenyewe unakatika?"

"Kwa mtu wa kifafa haukatiki. Unazidi, kama radi."

Hapo utani ukanipungua kidogo. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mfugaji wa kule tambarare ya Hanang, na ana mjukuu wa kike anayeanguka. Mtoto alishawahi kuangukia motoni, mkono mmoja umekunjamana. Daktari alikuwa anamjua. Mashine yenyewe alikuwa ameiazima kwa ajili ya mkutano tu, ukiisha inarudi ilikotoka. Alitaka mtoto apimwe kabla haijaondoka, ajue dawa gani itamfaa. Mjomba alikuwa amekataa. Alisema hakuna waya utakaogusa kichwa cha mtoto kabla haujagusa chake yeye, akatoka salama.

"Ndiyo vizuri," Daktari akasema. "Siku ya pili ni zamu yetu kuonyesha tunavyopima. Tutampima yeye, mtoto atafuata."

Nikatumwa mimi na masharti. Nikapanda basi mpaka Mogitu, nikamalizia kwa bodaboda, nikamwambia mjomba aoshe kichwa kwa sabuni na asipake kitu chochote.

"Kuosha nitaosha," akasema.

Nikaridhika, nikanywa maziwa, nikarudi. Kumbe nilijibiwa nusu.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Wauguzi na waganga walikaa kwenye viti vya harusi, riboni bado ziko ukutani. Kwenye skrini kulikuwa na maprofesa kibao, mmoja anapiga miayo, maana kwao ulikuwa usiku. Nilikuwa napita na chai. Daktari aliniambia nizime friji, kwamba umeme wake unaingia kwenye kipimo na kuharibu mistari inayochorwa na mashine. Kwa hiyo dunia ikaona ubongo, na wateja wangu wakanywa soda za moto.

Siku ya pili mjomba akafika, yuko na mama mdogo. Akavua kitambaa kichwani. Kichwa kiling'aa kama sufuria mpya. Kimepakwa siagi ya ng'ombe, imeshuka mpaka shingoni.

"Mjomba, si nilikwambia uoshe?"

"Nimeosha. Halafu wamenibariki."

Kwetu upande wa mama mtu hatumwi mbele ya wageni akiwa mkavu, bila siagi ya baraka, na shughuli kubwa ndiyo kabisa. Nilikuwa najua hilo tangu niko mdogo. Sijui kule Mogitu nilikuwa nafikiria nini. Labda maziwa.

Daktari akajaribu kubandika vile vifungo vyenye waya. Kila kimoja kikateleza, kimoja kikaingia sikioni.

"Shikamoo mzee," akasema. "Naomba nifute kidogo tu, hapa na hapa."

"Marahaba. Baraka haifutwi kabla shughuli haijaisha."

"Tumempaka kwa ajili ya mtoto," mama mdogo akaongeza. "Ukimfuta yeye, umemfuta mtoto."

Daktari aliangalia skrini, ukumbi wa nchi nyingine ulikuwa unamalizia zamu yake. Halafu akaangalia mashine. Mjomba asipopimwa, mtoto haji. Mtoto asipokuja, mashine inaondoka. Hilo kila mtu mle ndani alilijua, na wote wakawa wanaangalia riboni ukutani.

Mimi kimya siwezi. Nikasema kama kichwa ndiyo kinatafutwa, changu kipo, hakijapakwa na wala hakijatumika sana.

Mjomba hakucheka. Aliniangalia kama anayechagua dume mnadani.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," akamwambia Daktari. "Kichwa chake ni cha kwetu. Mfungeni."

"Mnifunge?"

"Ukipona, mtoto atakuja."

"Na nisipopona?"

"Dada yangu ana wengine."

Daktari akanikalisha, akaanza kunibandika. Akaniambia shida ni moja. Nikiongea, nikicheka, nikiuma meno, mashine itaandika hayo badala ya ubongo. Ukumbi mzima ukaguna.

"Huyu?" mama mdogo akasema. "Huyu alichekesha watu kwenye msiba wa baba yake!"

Zamu yetu ikaita. Dunia yote ikawa inaniangalia na waya zangu, nimefanana na muhogo uliong'olewa na mizizi yake. Mjomba akasogea kwenye skrini.

"Hiyo mistari ndiyo akili zake?"

"Ni umeme wake, mzee."

"Mbona mingi hivyo?"

Nyuma yangu muuguzi mmoja akaziba mdomo, nikamsikia. Kicheko kikaanza kunipanda. Kwenye skrini mistari ikaruka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Profesa mmoja akauliza kitu kwa Kiingereza, Daktari akamjibu, maprofesa wote wakacheka. Mimi peke yangu ndiye nilikatazwa.

"Fumba macho," Daktari akasema, taratibu. "Legeza taya."

Nikafumba. Nilitafuta kitu kisichochekesha, nikaupata ule mkono wa mtoto. Nilikuwapo siku anafunguliwa bandeji. Hakulia. Alikuwa anaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine. Nikabaki hapo hapo, na taya likalegea lenyewe.

"Kalala?" nikamsikia mjomba.

"Hapana, mzee. Amefumba macho tu. Ubongo ukitulia mawimbi yanajipanga hivi. Umeona?"

"Naona. Kama ng'ombe wanaenda majini."

Profesa akasema kipimo ni safi. Hilo neno la Kiingereza nililielewa, kidato cha pili nako kuna faida yake.

Waya zikatolewa. Mjomba akanipapasa kichwa chote kwa vidole vyake vya siagi, akanishika kidevu.

"Ng'ombe niliyekupa siku ya jando alikuwa rangi gani?"

"Hukunipa. Uliniahidi."

Akamgeukia Daktari. "Yuko salama. Kesho mtoto anakuja."

Akaja kweli, asubuhi mashine ikiwa haijafungwa. Kichwa kimeoshwa, kikavu kabisa. Siagi safari hii walimpaka miguuni, na sakafu yangu ikapata nyayo ndogo zinazong'aa kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Daktari akanitoa nje nisije nikamchekesha mtoto. Nikakaa kwenye ngazi na mjomba. Baadaye nikaona muuguzi anateleza mlangoni, nikaenda kuchukua dekio.

Mjomba akanishika suruali. "Kaa."

"Watu wataanguka, mjomba."

"Wataamka. Kaa."

Nikakaa, na dekio langu magotini. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ngazi Daktari alipofungua mlango. Akasema mtoto alisinzia kidogo kwenye kiti na kipimo kimetoka. Ameona radi inapoanzia, dawa anaijua, ataanza leo hii. Alirudia mara mbili kwamba ni dawa ya kumeza kila siku, bila kuruka.

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniachia suruali.

"Sasa deki," akasema.