Mikaratusi ya Baba pale Chemchemi

Chemchemi yetu iko upande wa Mollo, chini ya kilima cha mawe. Kiangazi nyasi zote za Ufipa hukauka na upepo hauna haya; hapo tu ndipo panapobaki pabichi. Bibi alisema ukoo ulihamia pale kwa sababu ya maji hayo, na sheria ikawa moja: kata ya kibuyu ikigusa chini, ondoka. Chemchemi haikwanguliwi, hata kama watoto wana kiu. Unaiacha ipumzike.

Baba ndiye aliyeizungushia mikaratusi. Siku hizo watu walihimizwa kupanda miti kulinda vyanzo vya maji, naye akapanda kwa moyo wote, akaimwagilia kwa maji ya chemchemi hiyohiyo. Miti ikanenepa. Maji yakapungua mwaka hata mwaka, na sisi tukailaumu mvua. Baba akafa bila kujua.

Mwaka jana majirani walikuja asubuhi na mashoka. Nilikuwa nimetoka mjini kumwona mama, nikamkuta amesimama njiani na jembe lake, hatikisiki. Niliogopa. Mama yangu akikasirika, hata mbwa huhama.

"Shikamoo, mama," alisema mwanamke wa nyumba ya pili. "Tumechoka kufuata maji mpaka Pito. Miti hii inakunywa mno."

"Marahaba. Mume wangu aliipanda kwa ajili ya maji."

"Sasa maji yenyewe yako wapi?"

Nilitamani nimzibe mdomo. Mwanamume mmoja akapitisha kidole kwenye makali ya shoka lake. Mama angeinua jembe, tungezika mtu. Angekubali, angemzika mumewe mara ya pili.

Akaliweka jembe chini. Akachukua kata kwenye ndoo ya yule mwanamke, akashuka, akainama, akaizamisha. Sote tuliisikia ikikwaruza jiwe. Utotoni mwetu alituchapa kwa sababu ya mkwaruzo huo. Sasa aliurudia mwenyewe, mara ya pili, ya tatu, kama anayemgongea mtu mlango.

Alipopanda juu aliomba shoka. Alianza na mti mkubwa kuliko yote, ule wa kwanza wa baba, akilia waziwazi.

"Malizieni," akasema.

Kuni za baba zilitupikia ugali wa ulezi hadi mvua zikaanza. Maji yanapanda kidogo kidogo, ila bado hayajafika pale baba alipoyakuta.