Nilimsainia shemeji yangu fomu tupu, sasa jina langu ndilo linaloulizwa

Admin, usiweke jina langu wala la hospitali. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili wa kike, na mdogo ana miezi saba, bado ananyonya. Ninakaa Bwera, Uganda, mpakani na Kongo. Nina cheti cha kompyuta tu, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo. Wiki hii situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilikuwa natafuta nini.

Ninashughulikia kompyuta katika tawi la hospitali moja ya binafsi. Makao makuu yako Kasese mjini. Kazi hii nilitafutiwa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye fundi wa mitambo ya kompyuta wa hospitali yote tangu ifunguliwe. Ndiye pia aliyemsomesha mume wangu baada ya baba yao kufa. Watoto wangu wanamwita Baba Mkubwa, nami namwita hivyo hivyo. Kwetu mwanamke akimpa kitu mtu kama huyo, au akikipokea kwake, anapiga magoti.

Miezi mitatu iliyopita uongozi ulimleta mtaalamu kutoka Kampala atugawie majukumu. Zamani kompyuta ikigoma kila mtu alimpigia Baba Mkubwa, naye alitengeneza anavyojua. Mtaalamu akabandika karatasi kubwa ukutani: huyu apokee malalamiko, huyu atengeneze, huyu aidhinishe mabadiliko kabla hayajafanywa. Akasisitiza kwamba anayebadilisha asijiidhinishe mwenyewe. Alipouliza nani ataidhinisha, kila mtu akakwepa. Nani amwambie mzee yule "ngoja kwanza"? Basi mkurugenzi akaandika jina langu, maana nilikuwa nje nanyonyesha, sikuwepo kukataa.

Niliporudi nikakuta watu wanacheka. Dada wa mapokezi akasema, "Mama Masika, umekuwa mukubwa ya shemeji yako. Sasa nani atapigia mwingine magoti?"

Baba Mkubwa naye alicheka. "Iko karatasi tu," akasema.

Mara ya kwanza alipoleta fomu ya mabadiliko niidhinishe, alisimama mbele ya meza yangu kama mtu anayeomba ruhusa. Sikuweza kubaki nimekaa. Niliinuka, nikapiga magoti nikaipokea, wagonjwa wakitutazama. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata nikasaini fomu sita zikiwa tupu, nikampelekea nyumbani. Nilimwambia, "Baba Mkubwa, usihangaike tena kuja kwangu. Utajaza mwenyewe." Akanibariki. Hakuna aliyenilazimisha. Na niseme ukweli wote: nilifurahi pia kupunguza kazi, kwa sababu ule usingizi wa mama wa mtoto mchanga mnaujua.

Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya soko, watu wamevuka kutoka Kongo, tawi limejaa. Saa nne asubuhi mafaili ya wagonjwa yakapotea kwenye kompyuta zote. Baba Mkubwa alikuwa Kasese anahamishia kila kitu kwenye mtambo mpya. Hakutuambia. Kama ile fomu ingepita kwangu, ningemwambia hapana, si siku ya soko, subiri Jumapili. Najua ningemwambia.

Daktari akaanza kuandika kwenye daftari. Akaja mama mmoja wa upande wa Butembo, kule Kongo, na mtoto wake wa kiume. Faili la mtoto yule lina onyo kuhusu sindano moja inayomdhuru. Mama hakujua jina la sindano, na onyo halikuonekana. Mtoto akachomwa. Baada ya muda mfupi nikamsikia yule mama, "Muangalie mutoto yangu, iko navimba. Docteur, iko navimba." Uso ulifura hadi macho yakafunga. Nesi alimkimbiza ndani wakamwokoa, akalala siku tatu, akarudi kwao. Lakini mimi nilimwona.

Sasa mkurugenzi anataka maelezo yangu kwa maandishi Jumatatu, kwa sababu fomu ya siku ile ina sahihi yangu. Nilimpigia Baba Mkubwa.

"Mama Masika, sema ulisahau kuangalia siku," akaniambia kwa upole. "Wewe iko na mutoto muchanga, watakuonya tu. Mimi watanifukuza, na umri huu nani atanipa kazi?"

"Na ile fomu nilisaini ikiwa tupu?"

"Hiyo ni ya sisi ya nyumbani."

Mume wangu naye ameniambia, "Huyo ni baba yangu. Ukimtaja, usiniombe nikutetee kwa ukoo wetu." Tangu hapo anakula bila kuniangalia.

Ndugu zangu, sitaki mniulize kama niseme ukweli. Nitausema. Barua nimeshaandika, na kosa langu nimeliweka la kwanza: kwamba nilipewa kazi ya kukataa nikaiachia kwa ajili ya heshima. Sitaandika kwamba nilisahau, kwa sababu mama mwingine akileta mtoto wake pale, mtu mmoja lazima awe macho kweli.

Kinachonitesa ni njia. Nikimpelekea Baba Mkubwa barua aisome kwanza, atanisihi, mume wangu atakuwepo, na naogopa nitaichana mbele yao. Nikiipeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi, Baba Mkubwa, mtu aliyempokea binti yangu wa kwanza mikononi kabla hata baba yake hajafika hospitali ataitwa ofisini asomewe maneno yangu na watu baki. Nyinyi mngekuwa mimi, mngeanzia mlango upi?