Bi Linakaribia na Abiria Walioridhika

Mimi ni fundi viatu, na meza yangu iko kituo kikuu cha mabasi, kwa hiyo sina haki ya kulisema vibaya shirika la mabasi la mji wetu. Linanilisha. Kila basi lisilokuja ni soli za watu zinazokwisha barabarani, na soli zikiisha wenyewe wananijia mimi. Abiria wakilalamika nainamisha kichwa, napiga misumari yangu kwa heshima zote. Lakini nina ulimi, na leo nataka kumzungumzia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye mji mzima unamfahamu bila kumwona.

Jina lake halisi watu hawalijui. Wanamwita Bi Linakaribia.

Kazi yake ni kukata tiketi, ndani ya kibanda cha bati kilichopakwa rangi ya buluu, mkabala na meza yangu. Humo ana mto wa kukalia alioushona mwenyewe, feni inayotikisa kichwa bila kupuliza, na birika la umeme ambalo meneja amelipiga marufuku mara kadhaa na bado yeye mwenyewe huja kuomba maji ya moto. Ni mwanamke mpole, mcheshi, na Mungu alimjalia sauti ambayo ukiisikia hasira inakushuka kabla hujajua. Sauti hiyo ndiyo iliyomponza.

Meneja wetu ni mtu wa semina. Akienda semina sote roho zinakuwa juu, maana harudi mikono mitupu. Safari hiyo alirudi na kitu kinachoitwa kuridhika kwa abiria. Akatukusanya uani, wakata tiketi, madereva, wafagiaji, hata mimi ambaye hajawahi kunilipa, akatueleza kwamba wataalamu wamegundua jambo kubwa: abiria haudhiki kwa sababu basi limechelewa, anaudhika kwa sababu hakuna anayemsemesha.

Dereva mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Sasa bosi, hatuwezi kuwasemesha na mabasi tukayanunulia betri?"

Meneja akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyecheka msibani, kisha akaendelea na hotuba yake.

Basi shemeji akaitwa stoo kurekodiwa. Walitundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, wakamshikisha karatasi, na meneja akasimama mbele yake akimwonyesha meno yote ili naye atabasamu, kwa kuwa tabasamu, alisema, linasikika. Shemeji akasoma: "Ndugu abiria, basi lako linakaribia. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Tafadhali endelea kusubiri." Akaipatia palepale, hawakurudia. Vipaza sauti vikafungwa kila kituo, na maneno yale yakawa yanajisema yenyewe kuanzia alfajiri mpaka jioni, basi likiwa njiani, likiwa karakana, au likiwa limeshauzwa kama chuma chakavu.

Ikaja na amri. Neno "halipo" likapigwa marufuku. Abiria akija dirishani kuuliza basi liko wapi, jibu ni moja: linakaribia. "Halipo" linashusha kuridhika, alisema meneja, na kuridhika kukishuka makao makuu wanaona.

Baadaye wakaja watafiti wenye fulana za njano kupima kama tumeridhika. Waliwauliza waliobaki kituoni, kwa kuwa waliokata tamaa walishaondoka na huwezi kumkimbiza mtu barabarani kumuuliza kama amefurahi. Wakauliza kuhusu usafi wa mabasi, watu wakacheka. Wakauliza kuhusu muda, wakatukanwa. Wakauliza kuhusu matangazo, na hapo watu wakalainika, wakasema kusema kweli yule dada ana sauti nzuri. Matokeo yakatoka: abiria wanaridhishwa na sauti. Mtu mwingine angeona aibu. Meneja wetu alivimba kichwa, akachukua fungu la vipuri akanunua vipaza sauti vingine.

Shemeji akavishwa kilemba chake cha ukoka: cheti chenye fremu. Akakitundika kibandani juu ya birika, na mvuke ukaanza kukikunja pembeni.

Nje ya kibanda maisha yake yakawa kichekesho. Akienda sokoni ananyoosha kidole tu, kwa sababu akifungua mdomo kuomba nyanya muuzaji anamwuliza, "Kumbe ni wewe? Niliachishwa kazi kwa ajili yako!" Watoto wa mtaani wakimwona wanaimba linakaribia, linakaribia, wanapiga kona. Kulikuwa na fundi umeme mmoja mstaarabu aliyekuwa akimtaka, nasi nyumbani tulishaanza kumwita shemeji kimoyomoyo. Akarudi nyuma. Alikuja kuniambia mezani kwangu, kwa uchungu kabisa, "Kaka, nampenda. Lakini akiniambia nisubiri kidogo avae viatu, naketi chini najua leo hatutoki." Tulivunjika mbavu. Hata shemeji alicheka, wakati huo.

Kisha mama yao akalazwa.

Hospitali iko upande wa pili wa mji. Kuona wagonjwa ni adhuhuri tu, na geti likifungwa limefungwa, hata ulie damu. Dada hawa wawili walikuwa wakipokezana, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mke wangu. Shemeji alikuwa kibandani kwake, mimi mezani kwangu. Mke wangu alitoka asubuhi na mapema, amebeba uji wa mama kwenye chupa ya chai, akaenda kusimama kituo cha karibu na nyumbani kwetu, ambacho kipaza sauti chake tunakisikia mpaka jikoni.

Basi la njia ya hospitali lilikuwa limelala karakana tangu alfajiri. Karakana walijua. Dereva wake alijua, alikuwa kwangu akishonesha kandambili, na hakuniambia hata kidogo, kwa kuwa mambo ya mabasi mabovu hayakuwa tena habari. Nami sikujua kwamba mke wangu bado amesimama kituoni saa ile. Alisimama pale mpaka jua likamkaa utosini. Alipofika hospitali, kwa gari la mtu aliyemwonea huruma, geti lilikuwa limefungwa. Alimsihi mlinzi. Mlinzi alimwambia aje kesho. Mama alifariki jioni ile, na nesi mmoja, kwa wema wake, akatueleza kwamba alikuwa akimwulizia binti yake mkubwa.

Tulimzika. Na baada ya mazishi mke wangu hakusema tena na mdogo wake. Hakugomba wala hakutukana. Alimpa kisogo, basi. Hawa ni watu waliolala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoolewa, walioazimana magauni na siri, na sasa mmoja akiingia sebuleni mwingine anakumbuka ana nguo za kuanua. Madirisha ya jikoni mke wangu aliyafunga, joto lote lile, na alikuwa akipika huku jasho linamtiririka. Mimi niliona, nikajitia hamnazo, kama wanaume wengi wenye busara.

Shemeji alivumilia mpaka maji yakamfika shingoni. Jumapili moja akaja, amevaa vizuri, amebeba matunda. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Shemeji akapiga magoti kwenye mkeka, akasema, "Dada, naomba radhi."

Masikini, angesema lolote jingine. Maneno yalitoka vilevile, matamu, yamenyooka, na lile tabasamu la stoo ndani yake. Sauti ndiyo aliyopewa, hana nyingine. Mke wangu aliweka ungo chini.

"Hiyo nimeshaisikia," alisema. "Siku ile nimeisikia asubuhi nzima." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake shemeji hakunywa chai. Alikuja mezani kwangu wakati wa mapumziko, akakaa kwenye kibenchi cha wateja, akalia kimyakimya huku ameshika kiatu cha mtu. "Shemeji, mimi siyo dereva," alisema. "Siyo fundi. Ningejua basi bovu ningekimbia mwenyewe kumwambia. Sasa nifanyeje? Nikinyamaza, nina kiburi. Nikiongea, ni tangazo."

Nilimwambia nitaongea na dada yake, ahadi ambayo wanaume huitoa wakitaka mtu aache kulia. Lakini nilipofika nyumbani nilipiga moyo konde, nikauliza.

"Mke wangu, kosa la mdogo wako ni lipi hasa? Basi halikuwa lake."

Aliendelea kukuna nazi, nikadhani na mimi nimepewa kisogo.

"Basi nimelisamehe zamani," alisema. "Basi ni mabati. Baba watoto, kutoka pale mpaka hospitali ningeweza kutembea. Ningefika nimechoka lakini ningefika geti liko wazi. Niliondoka kituoni si mara moja. Nikipiga hatua, ananiambia linakaribia. Narudi. Wenzangu wengine walisonya wakaenda zao, mimi nikawaona wajinga. Angekuwa mtu mwingine anaongea nisingemsikiliza. Ni mdogo wangu yule. Tangu utotoni hajawahi kunidanganya. Kama sauti yake siiamini, niamini ya nani?"

Nilimpelekea shemeji maneno hayo kama yalivyo, bila kutia chumvi. Hakulia. Aliuliza, "Alirudi kituoni kwa sababu yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi kibandani, akakata tiketi mpaka jioni bila kuinua uso.

Siku watafiti wa fulana za njano waliporudi, meneja alikuwa amevaa tai. Wakubwa wa makao makuu walikuwa wamekuja nao, wamepewa viti vya plastiki chini ya kivuli, na uwanja ulifagiliwa mpaka nikaogopa kudondosha msumari. Abiria wa njia ya hospitali walikuwa wamejaa, wana vikapu, wana chupa za chai, na kipaza sauti kilikuwa kikiwabembeleza kama kawaida. Fundi wa karakana akapita, mikono imejaa grisi, akamnong'oneza shemeji dirishani jambo moja. Nilimwona shemeji akitikisa kichwa. Kisha akainama chini ya meza, na sauti yake ya stoo ikakatika katikati ya "tunaomba".

Kibandani kuna kipaza sauti cha dharura, kiliwekwa kwa ajili ya moto na watoto waliopotea, na kinasikika vituo vyote. Akakiwasha. Kwanza tulisikia pumzi yake tu.

"Abiria wa njia ya hospitali," alisema, na sauti ilikuwa inakwaruza, haikuwa na tabasamu lolote. "Basi halipo. Limekufa injini, halitakuja leo. Mwenye mgonjwa na anaweza kutembea, aanze sasa hivi, geti bado halijafungwa. Msisubiri. Nasema tena, basi halipo."

Tumezoea kudanganywa kiasi kwamba ukweli tuliuona kama hila mpya. Mzee mmoja alisogea dirishani. "Kweli halipo?"

"Halipo, baba."

"Ahsante, mwanangu," alisema mzee, akavuta mkongojo wake akaondoka, na watu wote wakamfuata. Mtafiti mmoja alimzuia mama mmoja amuulize kama ameridhika na huduma. "Nimeridhika sana," mama alijibu, "sasa nipishe."

Meneja alifika kibandani tai ikiwa begani. "Umeniharibia kuridhika!" alipiga kelele. "Mbele ya wageni! Kusanya vitu vyako!" Shemeji akaanza kukusanya. Kumwaga unga namna hiyo, mchana, mbele ya umma, nami nimekaa na nyundo mkononi. Nilitaka kwenda kumtetea, nikaihofia meza yangu, acha niseme wazi.

Alikuwa bado anakunja waya wa birika nilipomwona mke wangu anaingia uwanjani. Alikuwa amevaa kanga ya jikoni na unga mikononi, anahema, ametembea kutoka nyumbani. Aliwapita wakubwa wa makao makuu kana kwamba ni vifurushi, akaenda kusimama mbele ya dirisha lenye nondo, mahali ambapo watu husimama kulalamika.

"Siku ile ungeniambia hivyo," alisema.

"Siku ile sikujua, dada."

"Sasa kama hukujua, ungesemaje?"

Shemeji aliuachia waya wa birika. "Nisingesema linakaribia. Ningesema sijui."

Mke wangu alishika nondo kwa mkono wenye unga. Tangu mama yao azikwe walikuwa wakienda kaburini kila mmoja kwa siku yake, wakikwepana.

"Toka humo," alisema. "Twende kwa mama."

"Ni mbali, dada."

"Najua ni mbali. Vua hivyo viatu virefu, chukua kandambili kwa shemeji yako hapo."

Nikampa zilizokuwa karibu, za yule dereva wa basi la hospitali, ambazo alikuwa hajazifuata.