Mpira Uliovutwa Mara Nne

"Hivi Enid, kweli kuna mtu anakulipa kwa kuvuta mpira?"

Aliyeuliza ni jirani yake, Bi Pargeter, akianika shuka upande wa pili wa ua. Enid Tapscott hakuudhika. Alijibu kwamba ndiyo, analipwa, na kwamba mpira ni mkaidi kuliko watu wanavyodhani. Bi Pargeter akasema marehemu mumewe naye alikuwa hivyohivyo, na miaka thelathini aliyomvuta hakupewa hata ahsante. Wakacheka hadi vibanio vya nguo vikamdondoka Bi Pargeter.

Enid alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili. Shule aliiacha mapema, lakini Mungu alimjalia macho makali na mkono usiotetemeka, na kwa hivyo viwili alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha vipimo cha kiwanda cha mpira, pale Wiltshire, Uingereza, kando ya mto. Kila asubuhi, kabla ya kugusa mashine, aliinamisha kichwa akashukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alichukua ukanda wa mpira, akauchora mistari miwili ya wino, akaubana juu na chini, akazungusha gurudumu. Mistari ikaachana. Yeye akasoma nguvu kwenye saa ya mashine, akapima umbali kwa rula, akaandika. Namba zake zilipanda ghorofani kwa Daktari Rhodri Vaughan, mtu mrefu wa Wales mwenye soksi zisizofanana, ambaye alitafuta hesabu moja ya kutabiri mpira utanyumbuka vipi kabla haujakatwa kuwa kitu. Si jambo jepesi. Mpira ukianza kuvutwa unakaza, katikati unalegea, mwishoni unakaza tena kama mtu aliyekumbuka alikatazwa.

Tena mpira mpya hudanganya. Mvuto wa kwanza huwa mgumu kuliko yote itakayofuata. Ndiyo maana pale kiwandani kila ukanda ulivutwa mara nne bila kuandika kitu, ukaandikwa mvuto wa tano. Hilo waliliita kuuamsha mpira. Enid aliuamsha hadi urefu wake uwe maradufu, kama alivyofundishwa siku ya kwanza.

Vuli hiyo ikaja kazi ya hospitali moja: utando wa mpira wa mashine ya kuwapumulia watoto wachanga. Utando ungepanda na kushuka mchana na usiku. Ukivimba kuliko hesabu ilivyosema, ungeshika kifuniko, na mtoto angekosa pumzi. Kwa kuwa utando huu ungenyumbuka sana, Daktari aliomba vipimo vivuke maradufu. Enid akampa. Kalibu, yaani umbo la chuma la kufinyangia utando, ingechongwa siku ya Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyo ya kuchonga Daktari alishuka na mchoro, furaha imemjaa. Akamwonyesha mstari uliopanda vizuri, kisha ghafla ukajikunja na kukaza. Alisema mkunjo ule umemnyima usingizi wiki tatu, lakini sasa ameutungia hesabu ndefu inayoupitia sawasawa.

Enid alitazama mahali mkunjo ulipoanza. Ulianza pale pale kwenye maradufu.

Alielewa mara moja. Mpira aliuamsha hadi maradufu tu. Kuvuka hapo ulikuwa bado umelala, mgumu kama mpya. Ile haikuwa tabia ya mpira. Ilikuwa tabia ya Enid. Na hesabu iliyoamini ugumu ule ingefanya utando uwe mwembamba mno, uvimbe hadi kwenye kifuniko.

Siku nzima hakusema. Kiwandani watu walikuwa wanapunguzwa, na mpimaji aliyekosea angekuwa wa kwanza kwenda. Jioni, kanisani, waliombea wagonjwa, na mtu mmoja akataja watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Enid hakuweza kuitikia amina.

Asubuhi ya Jumanne alipanda ghorofani, mara ya kwanza bila kuitwa, akaeleza yote akiwa amesimama.

Daktari akauchukua mchoro, akaweka kidole kwenye mkunjo.

"Kwa hiyo wiki tatu nimeutungia hesabu mpira uliolala."

"Ndiyo, Daktari. Nisamehe."

"Bi Tapscott, mimi ndiye niliyeongeza mvuto bila kukwambia uamshe zaidi. Kaa chini. Tuna siku mbili."

Walifanya kazi pamoja, Enid akizungusha gurudumu, Daktari akikata kanda na kula mkate wa Enid bila kuomba. Safari hii kila ukanda waliuamsha hadi mara tatu ya urefu wake, mbali kuliko popote utando utakapofika. Mkunjo ukatoweka. Hesabu ndefu ikatupwa kapuni, ikarudi ile fupi aliyoitumia kabla ya mkunjo, na utando ukachorwa mnene zaidi. Alhamisi kalibu ikachongwa.

Majira ya kuchipua hospitali iliandika: mashine inafanya kazi, na mtoto wa kwanza, msichana, ameshapelekwa kwao. Enid alisoma barua mara mbili, akalia kidogo, akamshukuru Mungu aliyemfungua kinywa.

Daktari akamwambia jina lake litaandikwa kwenye ripoti, na kama kuna kitu kingine anachotaka, aseme. Enid alifuta mikono kwenye aproni.

"Naomba unifundishe hiyo hesabu. Namba nakupa mimi, nami ningependa kujua zinafanya nini."